Miaka Minane ya Lidet

Asela, nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya kinu
Tahsas 12, 2018
(kwenu huko ni Desemba 21, 2025)

Mpendwa Shangazi Zenebech,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu nilipokuwa na miaka saba. Ni gurudumu bovu la sanduku lako likikwaruza mawe ya uani siku ulipoondoka. Kwaru, kimya, kwaru, kimya. Baba alitaka kulibeba begani ukamkatalia, ukasema sanduku lenye magurudumu huvutwa. Nilibaki mlangoni nikilisikiliza mpaka ulipofika kwenye lami, na kwenye lami halikusikika tena. Nimeanza na hilo kwa sababu wiki tatu zilizopita niliisikia tena sauti ile, safari hii ndani ya nyumba yetu. Nitakueleza.

Lakini kwanza, hujambo Shangazi? Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi zile za nyuma, au wameshakuruhusu kutumia lifti? Wubit, aliyekuja likizo kutoka huko, ametuambia umenenepa kidogo na kwamba inakupendeza. Mama alifurahi, Bibi hakuamini. Bibi anasema mtu hanenepi kwa chakula anachowapikia wengine.

Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Tumo kwenye mfungo wa Krismasi, kwa hiyo hatugusi nyama wala maziwa, ni mchuzi wa shiro leo na shiro kesho. Shayiri imeshavunwa. Bibi bado anatembea mwenyewe hadi kanisani, ingawa sasa anaondoka nyumbani mapema kiasi kwamba huwa anamkuta mlinzi akivaa viatu.

Najua utashangaa kupata karatasi, wewe unayenitumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa. Siiamini simu tena. Mwezi uliopita mimi na mama tulizungumzia meno ya Bibi, jikoni, simu ikiwa juu ya gunia la shayiri. Hatukuandika neno, hatukumpigia mtu. Kesho yake simu ikaanza kunionyesha meno ya bandia. Mama alicheka, akasema labda Bibi ndiye aliyeagiza kwa siri. Mimi sikucheka. Kwa hiyo haya ninayokuandikia yanakuja kwa mkono wa Wubit, anayerudi Dubai Alhamisi, na bahasha nimeifunga kwa gundi kisha nikaizungushia uzi. Ukikuta uzi umekatika, niambie.

Habari zote ulizonitumia nimezipata: gari linaloruka bila dereva, roboti anayewapelekea wageni chakula hotelini, chombo kinachoizunguka sayari nyekundu. Uliniuliza naonaje. Naona kwamba katika kila picha kuna mtu wa suti anayetabasamu mbele ya kitu kipya, na hakuna picha hata moja ya mtu anayekifuta vumbi. Wewe unaishi huko. Niambie nani anamwoshea roboti magurudumu, anatoka nchi gani, na analala wapi.

Huku nasi tuna maendeleo yetu. Magari ya petroli hayaingizwi tena, ni ya umeme tu. Mjini yamejaa yale madogo yasiyo na mlio. Bibi anayaogopa kuliko malori, anasema yanakuja kama paka. Redio inatuambia hewa itakuwa safi, na kweli ni safi, nimeivuta. Lakini umeme ukikatika utayakuta yamepangwa kando ya barabara kama ng'ombe wanaosubiri chanjo, na madereva wanacheza karata juu ya boneti. Mimi najiuliza jambo moja tu ambalo redio hailigusi: betri zikifa zitazikwa kwenye shamba la nani?

Halafu walikuja watu wa utafiti wa kilimo na mbegu mpya ya ngano. Kijana mmoja mpole, kompyuta mapajani, alikaa kwenye kigoda chetu na kumwonyesha Bibi picha za mashuke makubwa kama vidole gumba. Bibi aliomba punje tatu, akazitafuna upande wenye meno, akatema.

"Hii imezaliwa bila mama," alisema.

"Bibi, inazaa mara mbili ya yenu."

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili mnakuja kwetu, tunawapa nyingine."

Bibi alinigeukia mimi, msomi wa nyumba, kama vile mimi ndiye niliyemleta. Baadaye nilizisoma takwimu zao usiku na mchana, Shangazi, nikizitafutia uongo, na sikuupata. Ni za kweli. Takwimu za kweli ndizo ninazoziogopa zaidi siku hizi, kwa sababu hazina pa kuzishika. Chungu cha Bibi cha shayiri ya zamani bado kiko chini ya kitanda chake.

Na siasa ndiyo hiyo, uchaguzi unakaribia. Kila Jumatatu redio inasoma idadi ya watu waliokwisha kupata kitambulisho kipya, na idadi inapanda vizuri mno, kama ngazi iliyojengwa na fundi mzuri. Watu mtaani wanaisikia na kutikisa kichwa kwa heshima. Mimi siwezi, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaoitengeneza. Unakumbuka nilipomaliza digrii ya takwimu kule Adama ulinipigia vigelegele kwenye simu mpaka mwenye nyumba akakuuliza kama kuna msiba. Basi digrii hiyo imenifikisha kwenye kituo cha usajili: meza, mashine, kioo cha kuwekea vidole, na taa ya kumulika uso. Nina namba yangu ya kuingilia. Kila ninachoandika mashine inakihifadhi pamoja na namba hiyo. Kumbuka hilo.

Hata ile programu ya kujibu maswali uliyonisifia, kwamba inajua kuliko maprofesa wangu, nimeijaribu. Niliiuliza: mtu aliyezaliwa Pagume tatu, mwaka 2001 kwa hesabu yetu, leo ana miaka mingapi? Ikanijibu kwa adabu kubwa, na ikakosea kwa adabu kubwa. Nilipoisahihisha ilinishukuru. Mtu anayekosea kisha akakushukuru hivyo, mtaani kwetu tungeanza kufunga mlango.

Swali hilo sikuliuliza kwa mchezo. Hiyo ni tarehe ya kuzaliwa ya Lidet.

Shangazi, umemwona mdogo wangu mara moja tu, ulipokuja kumzika baba, naye alikuwa na miaka mitano. Wewe umeshazoea kalenda ya huko yenye miezi kumi na miwili. Sisi bado tunao ule wa kumi na tatu, mwezi wa siku tano mwishoni mwa mwaka, na miaka yetu bado iko nyuma ya yao kwa saba au minane. Lidet alizaliwa humo, kwenye Pagume, kati ya mvua na mwaka mpya. Ana miaka kumi na sita. Kumi na sita, Shangazi. Yuko darasa la kumi, bado anakata kucha kwa meno.

Kadi yake ya kitambulisho ilipofika Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka wetu, ilisema amezaliwa mwaka 2001 kwa hesabu ya huko, yaani ana ishirini na nne. Tulicheka sana. Mimi ni wa ishirini na tano, kwa hiyo kwa mujibu wa serikali tumeachana miezi kumi.

"Mama, kumbe mlikuwa na haraka hivyo!" Lidet alisema.

"Nyamaza, mpumbavu wewe. Baba yako angekusikia."

"Angesikia nini? Imeandikwa hapa, na picha juu."

Tangu siku hiyo hakuniita dada tena. Akawa ananiita pacha. Pacha, nipe kitana. Pacha, vyombo leo ni vyako, jana niliosha mimi. Nikamwambia nitaipeleka kadi ikarekebishwe mavuno yakiisha. Sikuharakisha. Kilikuwa kichekesho cha nyumbani, na nyumba yetu haina vichekesho vingi.

Mwezi uliofuata, Tikimt, akaja Tekalign, yule dalali wa kazi za Uarabuni, amevaa koti la mvua siku ya jua. Aliketi, akanywa kahawa ya buna vikombe vitatu kama mkwe, kisha akatoa mfukoni nakala ya kadi ya Lidet. Nakala! Kadi yenyewe ilikuwa kwenye sanduku la mama. Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Binti yangu," alisema, "mimi nasoma tu kilichoandikwa. Sina mkono humo."

"Nimeuliza umeitoa wapi."

"Muulize mwenye uso wake."

Lidet aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyempelekea.

Ijumaa ile ile ukatuma sauti yako. Bado ninayo. Ulisema umempatia familia nzuri, watoto watatu, mama wa nyumba ni daktari, mlango wa tatu kutoka mahali unapopika wewe, kwa hiyo utamwona kila siku. Ukasema ulidhani bado ni mdogo, lakini kadi inasema ishirini na nne, nawe umechanganyikiwa na miaka yetu, na heri kuiamini mashine kwa sababu mashine haina shangazi, haimpendelei mtu. Mama alikusikiliza mara nne. Mara ya nne alikuwa akilia kwa furaha, au nilidhani ni furaha.

Nitakueleza ukweli wa moyo wangu, nawe unisamehe. Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku Tekalign kwamba amempa mtu kitu ili aongeze miaka. Niliwashuku wenzangu kituoni, nikawa nawachungulia wanapokula. Niliushuku mradi wenyewe, kwamba huko juu kuna mtu anayehitaji wasichana wengi wenye umri wa kusafiri na vijana wengi wenye umri wa kupiga kura. Nilikushuku wewe. Nilikaa na sauti yako sikioni nikitafuta mahali ambapo inatetemeka.

Kisha ikaja ile siku ya wiki tatu zilizopita. Nilirudi kazini nikasikia ukumbini kwaru, kimya, kwaru, kimya. Tekalign alikuwa ameleta sanduku la mtumba, na Lidet alikuwa akijifunza kulivuta, kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, kidevu juu, kama anapita uwanja wa ndege.

"Pacha, nipishe, nachelewa ndege."

"Huendi popote."

"Kwa nini? Nibaki nisome? Nifaulu?" Aliacha mkono wa sanduku. "Wewe ulifaulu. Una digrii kubwa ukutani, na kazi yako ni kuwashika wazee vidole."

Nikasema tu kwamba kadi ni ya uongo, na kwamba nitamtafuta aliyeiandika hadi nimpate.

"Mtafute," alisema. "Ukimpata mwambie asante."

Nilimpata kesho yake. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Niliifungua kumbukumbu ya mashine, nikatafuta jina lake, nikaiona saa: tatu na dakika kumi na moja asubuhi. Mbele ya saa kulikuwa na namba ya aliyeandika, na namba ilikuwa yangu.

Niliikumbuka asubuhi ile yote, mwezi wa Ginbot, miezi minne kabla ya kadi kufika. Lidet alikuja na sweta ya kijani ya shule kwa sababu niliwaambia nyumbani waje siku ambayo foleni ni fupi. Sasa sikiliza, maana hili halielezwi redioni. Mashine yetu inaonyesha miezi kwa namba tu, na kila ukiandika mwezi wa kumi na tatu inaganda. Aliyeitengeneza hakuwahi kukutana na mtu wa Pagume. Kwa hiyo sisi wa kituoni tulijifunza njia yetu wenyewe: mtu wa Pagume akija, unaigeuza mashine iende kwenye kalenda ya kizungu, unaandika mwezi wa tisa, unajumlisha miaka minane kichwani, kisha unairudisha kwenye kalenda yetu. Hakuna aliyetufundisha. Ni ujanja tu, na tulijivunia.

Niliigeuza. Nikaandika mwezi wa tisa. Nikaandika 2001, na nilipokuwa karibu kujumlisha, Lidet akaanza kutoa meno mbele ya taa. Nikamwambia asicheke, mashine haitaki meno. Akavimbisha mashavu. Nikacheka mpaka mzee wa nyuma yake naye akacheka bila kujua kisa. Mashine ikalia kwamba imekubali. Lidet akashuka kwenye kigoda, na mimi nikamwita anayefuata.

Sikujumlisha. Na sikuirudisha kalenda. Nimetafuta mkono wa mtu mbaya miezi miwili, Shangazi, na ilikuwa kicheko.

Umeme ulikatika saa sita kasorobo. Mashine ilipowaka ilirudi yenyewe kwenye kalenda yetu. Kati ya saa tatu na saa sita kasorobo nilikuwa nimesajili watu thelathini na wanane, Lidet akiwa wa kwanza. Wote niliwaandikia miaka ya kwetu, mashine ikaisoma kama ya kizungu, nikawazeesha miaka saba au minane.

Nilimwendea Bwana Negash, msimamizi wetu. Si mtu mbaya. Ana vidonda vya tumbo na huwa anatugawia machungwa. Alinisikiliza hadi mwisho akivuta fomu moja kutoka kwenye droo.

"Tirsit, dada yako namrekebisha leo hii. Tia saini hapa, twende tukale."

"Na wale thelathini na saba?"

"Wamelalamika?"

"Hawajui."

"Basi, watakaojua watakuja, tutawarekebisha mmoja mmoja. Ukiandika wote kwa pamoja, namba yako inafungwa siku hiyo hiyo, na kituo kinakaguliwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Watasema tumeongeza wapiga kura. Unataka tucheke au tulie?"

Nilichukua fomu nikasema nitairudisha. Wema wake ulinitia shaka kuliko koti la Tekalign. Nilirudi kwenye mashine, nikaisoma orodha jina kwa jina. Namba kumi na nne ni Chaltu, msichana wa Lemu. Nilimkumbuka kwa sababu vidole vyake vilikuwa na rangi ya hina na mashine ilivikataa mara mbili. Jumamosi nilipanda hadi Lemu. Mama yake alinikaribisha maziwa nikakataa kwa sababu ya mfungo, naye akaniomba radhi kana kwamba ni kosa lake. Nikauliza Chaltu yuko wapi.

"Ameshakwenda," alisema. "Tangu mwezi wa Hidar. Kadi yake ilitoka na bahati."

Chaltu ana miaka kumi na mitano.

Sikumwambia mama yake siku hiyo. Nilikaa, nikatazama picha ya binti kwenye simu: amesimama mbele ya jengo la vioo, mikono imenyooka kama yuko gwaride. Niliomba nakala. Nimeiweka humu ndani ya barua pamoja na jina la wakala na namba ambayo huwa haipokelewi. Yuko Dubai, au walisema Dubai. Shangazi, mtafute. Waulize wanawake wa kanisa, waulize wale wanaokutana bustanini Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Ni mrefu, ana alama ya kuungua kwenye kiwiko cha kushoto. Hilo ndilo ninalokuomba kuliko yote yaliyomo humu.

Na sasa nitasema jambo ambalo simu isingelistahimili. Siku ile baada ya mazishi ya baba, uani, uliniambia jinsi wewe ulivyoondoka. Kwamba ulikuwa na miaka kumi na saba, na karani wa ofisi ya mtaa akaongeza minane kwa kalamu ya bluu, kisha akapuliza wino ukauke. Nikakuuliza miaka miwili ya kwanza ilikuwaje. Uliinuka ukaanza kuosha vyombo, na vyombo vyote vilikuwa safi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nami nilielewa.

Najua wewe ungemlinda Lidet. Najua mlango wa tatu. Lakini kama daktari angehama? Kama ungeugua goti ukarudishwa? Kwako ilikuwa karani na kalamu, tungeweza angalau kumlaani. Kwa Lidet ni mashine isiyo na shangazi, na mimi.

Usimkasirikie mama. Yeye aliiamini kadi kwa sababu ilitoka mikononi mwangu. Anakusalimu, na anasema pilipili aliyoisaga yeye mwenyewe iko kwenye mfuko wa Wubit, chini ya viatu. Bibi anakusalimu. Nilimsomea kipande cha barua hii, cha karani na kalamu, akasema alimjua yule karani, alikufa na mikono mizuri sana. Msalimie Tsige unayelala naye chumba kimoja, na yule Mfilipino anayekuchekesha.

Yaliyobaki ni machache na yameshafanyika.

Alhamisi, Tahsas 9, sikuijaza fomu ya Bwana Negash. Niliandika ripoti ya kurasa mbili, nikaeleza Pagume, nikaeleza ujanja wetu, nikaorodhesha majina thelathini na manane na saa ya kila mmoja, nikatia jina langu na namba yangu. Nakala moja niliipeleka makao ya mkoa kwa mkono, nikasubiri mhuri wa kupokelewa. Jina la Chaltu nililiweka juu kabisa na kulipigia mstari. Ijumaa asubuhi niliweka kidole kwenye mashine, ikanikataa. Bwana Negash alinipa chungwa, hakuniaga.

Kadi ya Lidet imefutwa, na maombi yake ya pasipoti yamesimama. Tekalign alikuja kuchukua sanduku akakuta mama ameshalijaza shayiri, wakabishana, akaondoka bila hilo sanduku. Nami jana nilirudi Lemu nikamwambia mama yake Chaltu yote. Hakunipigia kelele. Alinitazama vidole.

Wengine nawafuata kwa miguu. Kumi na wawili nimewafikia. Yule mzee aliyekuwa nyuma ya Lidet kwenye foleni amekataa katakata kurekebishwa. Anasema tangu kadi itoke wamempa kiti cha mbele kanisani, nami nimwache na miaka yake.

Lidet hakuwa amesema nami neno tangu Alhamisi. Leo mchana, nikiandika ukurasa huu, aliingia jikoni akafungua kopo moja baada ya jingine kwa hasira, akayafunga. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Dada, chumvi iko wapi?"

Nikamwonyesha.

Mungu akuweke daima kwenye nyumba ambazo milango yake hufunguliwa kutoka ndani.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata kama barua hii itakukasirisha,

Tirsit